AMANA YA KABONI CHINI YA MAJI: SOMO KUTOKA UFIPA NA ZIWA TANGANYIKA

Makaa yanayotumika jikoni, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Mti unapokua huichukua kaboni hiyo kutoka angani, na kuni inapoungua au jani linapooza huirejesha angani ikiwa hewa ya ukaa. Hewa hiyo inapozidi, dunia hupata joto. Bahari hupunguza madhara hayo kwa kumeza takriban robo ya hewa ya ukaa inayotolewa na shughuli za wanadamu. Kadhalika, mikoko na majani ya baharini huzika kaboni katika tope kwa karne nyingi. Kwa sababu hiyo, suala hili limeingia katika sera za bahari za nchi nyingi.

Ili jambo hili lifahamike vyema, yafaa kutazama mbali na pwani, katika Mkoa wa Rukwa. Mji wa Sumbawanga upo juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mito ya upande wa mashariki huteremka katika Ziwa Rukwa, na ile ya magharibi, ukiwemo Mto Kalambo, huingia Ziwa Tanganyika.

Wakulima wa Kifipa wana desturi ya kale. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi hufunikwa pamoja na udongo wake na kufanywa kichuguu kinachoitwa intumba. Juu yake hupandwa maharage, na msimu unaofuata kichuguu hutawanywa ili shamba lipandwe ulezi au mahindi. Nyasi zilizozikwa huwa mbolea badala ya kuchomwa moto. Hata hivyo, udongo wa shamba una hewa ndani yake. Nyasi huoza upesi, na sehemu kubwa ya kaboni hurudi angani. Faida kubwa ya intumba ni rutuba, na si hifadhi ya karne nyingi.

Chini ya Ziwa Tanganyika hali ni tofauti. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, na ni la pili kwa kina duniani. Kuanzia kina cha mita mia moja hadi mia mbili kwenda chini, maji yake hayana oksijeni. Viumbe vidogo vinavyokufa juu huzama huko, na mabaki yao huoza polepole mno. Mashapo yaliyojilimbikiza kwa mamilioni ya miaka yamefikia unene wa kilomita kadhaa. Tope la mikoko nalo hufanya kazi hiyo hiyo: halina hewa, basi linachopewa hulihifadhi. Tofauti ni kwamba kina cha ziwa hakifikiwi na shoka wala jembe, ilhali mikoko hukatwa na tope lake likafukuliwa. Amana ya miaka mingi hutoka katika muda mfupi.

Hata hivyo, ziwa nalo halikusalimika. Katika majira ya kiangazi, upepo wa kusini-mashariki, ambao watu wa pwani huuita kusi, huvuma juu ya ziwa na kupandisha maji ya chini yenye rutuba, khasa upande wa kusini ilipo Kasanga. Rutuba hiyo hulisha mimea midogo ya majini, nayo hulisha dagaa, na dagaa huliwa na migebuka. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, na yale ya chini hupanda kwa shida. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulieleza kuwa uzalishaji wa mimea hiyo huenda ulipungua kwa asilimia 20 hivi. Kwa hivyo joto linalotokana na hewa ya ukaa hupunguza kitoweo cha mvuvi, na papo hapo hupunguza kaboni ambayo ziwa lingeizika.

Serikali hazikukaa kimya. Tarehe 12 Juni 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wazaliane. Hatua hiyo ina maana njema, lakini familia inayoishi kwa dagaa huhisi uzito wa kila siku ya kungoja. Sera ya maji isiyomfikiria mtu huyo hukosa mlinzi wake wa kwanza.

Mfano wa kumfikiria upo Gazi, pwani ya Kenya. Tangu mwaka 2013, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni iliyohifadhiwa na mikoko, na fedha zake zimetumika katika maji na skuli za vijiji. Tanzania nayo ilitoa kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022. Zanzibar, kwa upande wake, ina Sheria ya misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na mwaka 2020 ilianzisha wizara yenye dhamana ya uchumi wa buluu.

Mafunzo yanayopatikana ni haya:

1. Kaboni iliyo katika tope lisilo na hewa hudumu. Kulilinda tope lililopo ni bora kuliko kungoja miche mipya ikue.

2. Maji hupokea yatokayo bara. Shamba la mlimani lisilochungwa hupeleka udongo wake ziwani au baharini, basi maofisa wa kilimo, misitu na uvuvi hawana budi kupanga pamoja.

3. Wanaoagizwa kujizuia wajulishwe mapema muda na sababu, na wapate sehemu ya faida itakayopatikana.

Amana hulindwa na anayeijua thamani yake. Ni wajibu wa watumishi kuieleza thamani hiyo kwa lugha inayoeleweka, na wa wananchi kuuliza pale wasipoelewa, kabla shoka halijafika kwenye mkoko.