Dakika za Kucheza na Swali la Twiga

Mimi ni mtu wa Korogwe, na mwaka jana nilipangiwa fildi ya ualimu Handeni. Shuleni wakanikabidhi timu ya kikapu. Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, mrefu kuliko wote, wenzake wakimwita Twiga. Tulipokwenda Korogwe kwa mechi ya kirafiki nilitaka sana kushinda nyumbani, nikamweka benchi robo zote 4. Njiani kurudi akaniuliza, "Ticha, sasa mimi nitajulia wapi?"

Swali hilo linamhusu hata mchezaji wa kulipwa. Mtazame Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyeanza kikapu akiwa na miaka 15 hivi. Katika mwaka wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6 na ribaundi 10.8 kwa mechi. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua wa 2, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Huko mechi ni dakika 48. Msimu wa kwanza yeye alipata wastani wa dakika 13. Mbele yake alikuwepo Marc Gasol. Februari 2010 akateremshwa ligi ya chini, Dakota Wizards.

Tusikimbilie kusema alinyimwa dakika ndiyo maana hakukua. Kocha humpa dakika aliye tayari, na dakika nazo humfanya mtu awe tayari. Mambo haya mawili yanazunguka, kwa hiyo timu uliyoangukia ina uzito wake. Stephen Curry, aliyechaguliwa wa 7 mwaka huohuo, alicheza wastani wa dakika 36.2, katika timu iliyopoteza mechi 56 kati ya 82. James Harden, wa 3, alikuwa kwenye timu iliyoshinda mechi 50. Hakuanza hata mechi moja msimu ule, lakini alipata dakika 22.9.

Kwa hiyo kuanzia benchi si tatizo. Tatizo ni kubaki huko. Na kuteremshwa ligi ya chini, ambako wengi wanakuona ni aibu, kunaweza kuwa dawa: huko ndiko zilipo dakika anazoziweza kijana.

Mechi ya marudiano, Handeni, nilimpa Twiga robo nzima ya pili na kazi moja tu: linda goli, chukua ribaundi. Alifanya faulo 3 na robo ile tukapigwa. Lakini mwishoni mwa robo alikuwa anawapanga wenzake kabla mimi sijafungua mdomo. Hilo nilishalifundisha mazoezini wiki nzima, halikuingia.

Wewe nahodha wa timu ya kitivo, mwaka wa kwanza wako wangapi kwenye benchi lako? Mwakani nyie mnamaliza chuo. Timu mtamwachia nani?