Mgonjwa Aliyetembea kwa Ajili ya Mmisionari

Padre yeyote aliyepeleka Komunyo Takatifu kwa wagonjwa katika vijiji vya machimbo, tangu Nyarugusu hata Kakola, amekwisha kumkuta mtu wa namna hii. Ni baba wa miaka 30 au 35, aliyeshuka mashimoni akiwa na nguvu za ng'ombe, akarudi kwake na kifua kilichochakaa. Amelala juu ya mkeka karibu na mlango ili apate hewa. Mkewe yuko shambani, watoto wako shuleni. Ukimwuliza habari zake, hasemi kwanza juu ya maumivu, bali husema kwamba hana kazi tena duniani, anakula tu jasho la wenzake.

Neno hilo ndilo lililotufanya tuchague somo la juma hili. Twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mgonjwa mwingine wa kifua, mtawa, aliyekufa mwaka 1897 akiwa na miaka 24 tu, na ambaye Kanisa limemweka kuwa msimamizi wa misioni zote: Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, wa Lisieux, Ufaransa.

Twakiri kwamba tulipokuwa seminari kuu hatukumpenda sana. Picha yake ilitundikwa ukutani, uso laini, mikono imejaa mawaridi, nasi tukamwona kuwa mtakatifu wa wasichana wadogo. Baadaye tulijifunza kwamba picha nyingi za namna hiyo zilitengenezwa na dada yake Céline baada ya kifo chake, na kwamba hata kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1898, kilikuwa kimesahihishwa mno na dada yake mwingine, Pauline. Maandiko yake kama alivyoyaandika mwenyewe yalitolewa mwaka 1956. Humo tulimkuta mtu mwingine kabisa.

Alizaliwa mjini Alençon tarehe 2 Januari 1873. Baba yake, Louis Martin, alikuwa fundi saa. Mama yake, Zélie, alikuwa na biashara ya kufuma lesi. Mama alifariki kwa kansa ya titi mwaka 1877. Teresia aliingia monasteri ya Wakarmeli wa Lisieux mwaka 1888, akiwa na miaka 15. Mwaka uliofuata baba yake, ambaye akili zilikuwa zimeanza kumpotea, alipelekwa katika hospitali ya Bon Sauveur mjini Caen, akakaa na wagonjwa wa akili zaidi ya miaka 3. Watu wa Lisieux walinong'ona kwamba wazimu ule ulitokana na binti zake kumwacha na kwenda utawani mmoja baada ya mwingine. Wasomaji wetu wa Usukuma waliangalie jambo hilo. Hata huko Ulaya, ugonjwa ukiingia nyumbani, majirani hutafuta wa kumlaumu.

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, tarehe 3 Aprili 1896, alipokwisha kuzima taa, alisikia kitu kikimpanda hata midomoni. Hakuiwasha taa tena, akangoja mapambazuko, akaona leso yake imejaa damu. Alimweleza Mama Mkuu, lakini kwa maneno mepesi, akaomba aruhusiwe kumaliza mfungo kama wenzake. Hapa hatuwashauri wasomaji wamfuate. Mtu akitema damu, mfungo wake ni kwenda kwa mganga wa hospitali siku ileile.

Yeye hata angekwenda asingeponywa. Koch alikuwa amekivumbua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, lakini streptomisini, dawa ya kwanza yenye nguvu juu yake, haikupatikana mpaka mwaka 1943. Waganga wa Teresia walimpa maziwa na kumchoma mgongoni kwa ncha za moto. Sisi leo tunazo dawa, nazo hutolewa bure. Kwa kawaida mgonjwa huzitumia miezi 6. Lakini wangapi huziacha mwezi wa pili, wapatapo nafuu kidogo, wakarudi mashimoni? Vumbi la mawe yanayotobolewa na kusagwa huyatia mapafu makovu yasiyo na dawa, na pafu lenye makovu hushikwa upesi na kifua kikuu. Anayetoboa mwamba mkavu bila kuumwagia maji ajipunguzia miaka yake mwenyewe.

Na wangapi hawafiki hospitalini kabisa, kwa sababu ukoo umekwisha kuamua kwamba kikohozi kile kimetumwa? Katika nchi yetu hii ya Shinyanga na Geita akina bibi wameuawa kwa mapanga, eti macho yao mekundu ni alama ya uchawi, kumbe ni moshi wa jikoni wa miaka 50. Wanafunzi wa Bwana nao walipomwona kipofu waliuliza ni nani aliyetenda dhambi. Jibu walilopewa limo katika Injili ya Yohane, sura ya 9, nasi twaomba kila baba mkristu aisome mbele ya jamaa yake kabla hajakubali kwenda kupiga ramli.

Turudi kwa Teresia. Siku chache baada ya damu ile, katika majuma ya Pasaka, liliingia giza jingine. Mtu huyu, aliyeishi akizama katika Mungu kama samaki majini, alianza kusikia moyoni mwake kwamba mbinguni hakuna kitu, na ng'ambo ya kifo ni usiku mtupu. Hali hiyo ilidumu mpaka kufa kwake, miezi 18, ikipoa kitambo na kurudi. Aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake, akaivaa karibu na moyo. Aliona kwamba ameketishwa meza moja na wasioamini, akakubali kula mkate wao, awaombee kama ndugu zake.

Tena lipo jambo ambalo vitabu vya zamani havikupenda kulitaja. Mwezi wa mwisho, maumivu yalipozidi, alimwonya Pauline kwamba dawa zenye sumu zisiachwe karibu na mgonjwa anayeteseka hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe, kama asingekuwa na imani, angejiua bila kusita. Ni mtakatifu aliyenena hayo. Basi mama anayemwuguza mumewe, akimsikia asema maneno ya kukata tamaa, asimkemee kwamba amekufuru. Aketi karibu naye, aviondoe vitu vya hatari, amwite padre na mganga pia.

Twafika sasa kwenye kazi ya mgonjwa. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1897 mwuguzi alimwagiza Teresia atembee kila siku robo saa bustanini. Dada mmoja alimwona akijikokota, akamshauri apumzike, kwa maana kutembea kule kulimchosha zaidi. Teresia alimjibu kwamba anatembea kwa ajili ya mmisionari: labda huko mbali yuko mmoja aliyechoka kabisa kwa safari zake, naye amtolea Mungu uchovu wake ili ule wa mwenzake upungue.

Wala hakusema hewani. Alikuwa na ndugu wawili wa kiroho, waliokabidhiwa sala zake. Mmoja, Adolphe Roulland, alikwenda Uchina. Wa pili ndiye anayetugusa sisi. Maurice Bellière, yatima wa mama tangu siku zake za kwanza, alikuwa mwanafunzi wa seminari, mnyonge wa moyo, aliyeandika Lisieux mwaka 1895 akiomba sista mmoja amwombee asipoteze wito wake. Akapewa Teresia. Huyu alimwandikia barua kama 10, nyingine akiwa kitandani, hawezi kukaa vema. Bellière aliingia katika Mapadre Weupe, shirika lilelile lililoanza misioni ya Bukumbi mwaka 1883 na ya Ushirombo mwaka 1891. Meli yake iliondoka Marseille kwenda Algiers tarehe 29 Septemba 1897. Kesho yake jioni Teresia alikata roho.

Basi twawashauri wazazi jambo dogo. Mgonjwa wenu wa muda mrefu apewe jina la mtu wa kumwombea, si watu wote wa dunia, bali mtu mmoja: frateri wa parokia yenu aliye seminarini, au katekista anayezunguka kigango chenye njia mbaya, au mtoto wa jirani aliyeshuka shimoni usiku huu. Mleteeni habari za mtu huyo; mwambieni amefaulu mtihani, amekwama mtoni, amepanda juu salama. Hapo atakuwa na la kungojea kila jioni. Na dawa zake zisikosekane.

Mtu ataweza kutuuliza: sala zile zilifanya nini? Bellière alipata upadre mwaka 1901, akapelekwa Nyasa, nchi tunayoiita leo Malawi. Huko maradhi yalimshika, nguvu zikamwisha, akarudi Ufaransa kabla ya wakati, wakubwa wake wakahuzunika. Mwishoni akili zake nazo zilimpotea. Alifariki tarehe 14 Julai 1907, akiwa na miaka 33, katika hospitali ileile ya Bon Sauveur, mjini Caen, alimokaa baba yake Teresia.  Naye Louis Martin, yule aliyenong'onwa na mji mzima, Kanisa lilimtangaza mtakatifu, pamoja na mkewe Zélie, tarehe 18 Oktoba 2015.