Kuzoea Uaminifu Mwaloni

Kijana anayekwenda kutafuta maisha kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu au Mwakitolyo huagwa kwa nasaha moja: "Kawe mwaminifu." Aanzie wapi, haambiwi.

1. Shika jambo moja. "Kuwa mtu mwema" ni pana mno. Kama kazi yako ni kuosha mzigo mwaloni, yaani mahali panapooshewa mchanga wa dhahabu, shika gunia linalotandikwa mchanga upite juu yake. Vumbi la dhahabu hunasa kwenye nyuzi, na mwoshaji anayesuuza juujuu mbele ya mwenye mzigo anajua atarudi jioni kukung'uta chake. Wewe lisuuze mwenye mzigo akiwa amesimama hapo, ligeuze, suuza tena, umwonyeshe. Fanya hivyo kwa kila mzigo, hata wa yule mkorofi asiyelipa kwa wakati.

2. Anza dhahabu ikiwa haba. Usingoje duara, yaani shimo la kuchimbia, liteme dhahabu. Siku hiyo kuna kelele, kuna usiku, na hakuna nafasi ya kutafakari, utafanya ulilozoea. Basi jizoeze sasa kwa vidogo: mama lishe akikuzidishia chenji, mrudishie, hata kama ni shilingi mia mbili.

3. Jivute upande wa pili. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki. Akashauri kila mmoja atambue anakoelemea, ajivute kinyume chake, kama wanyooshavyo mti uliopinda. Ukijijua una mkono mwepesi, usiguse mizani bila shahidi, na kwenye mgao uwe wa mwisho kuchukua. Utaonekana mshamba kwa muda. Vumilia.

4. Uzia mwangani. Soko la dhahabu la Geita lilifunguliwa Machi 2019. Peleka huko hata dhahabu kidogo ya pointi mbili, na risiti waone wenzako wa mgao. Kwa mnunuzi wa vichochoroni usipite hata "kuulizia bei tu".

5. Ukiteleza, rudisha siku hiyohiyo, na umrudishie uliyemwibia. Wengi hukimbilia kutoa sadaka, na naelewa kwa nini: kapu la sadaka haliulizi hela imetoka wapi. Lakini mwenye mzigo bado kapunjwa, nawe umejifunza tu kwamba wizi una bei yake. Ukishindwa kumtazama usoni, mtume mtu mnayeaminiana. Ila hela imfikie kabla hajalala.