Fahali Wawili, Tangi Moja

Mjusi chui si yule mjusi kafiri wa ukutani kwenu. Asili yake ni nyika kavu za Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India. Ana kope, anapepesa macho, na vidole vyake havinati, kwa hiyo kioo hakipandi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanampendea upole wake mkononi. Lakini upole huo ni kwako wewe. Mwingizie mwenzake tangini uone.

1. Jiulize nani kakuomba mwenza. Mjusi huyu hateswi na upweke. Ukiwakuta wawili wamelaliana, usiseme wanapendana. Mara nyingi wanagombea pale penye joto. Mimi ningebaki na mmoja, lakini najua wewe umeshanunua wa pili.

2. Hakikisha jinsia, neno la muuzaji lisikutoshe. Mtazame chini, mbele kidogo ya tundu la haja: dume ana mstari wa vitundu wenye umbo la V, na vivimbe viwili kwenye shina la mkia. Dume kwa dume, usijaribu hata dakika moja. Dume na jike utapata mayai, mawili mawili, uzao baada ya uzao, hadi jike aishiwe kalsiamu. Wanaobaki ni majike wawili wa kimo kimoja, na hata hao huumana.

3. Karantini. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu anaweza kumletea mwenyeji ugonjwa. Mweke mgeni tangi lake, chumba kingine ikiwezekana, siku 30 kwa uchache. 90 ni bora zaidi. Tandika karatasi za jikoni badala ya mchanga ili kinyesi kionekane. Kila siku anza kumhudumia mwenyeji, umalizie kwa mgeni, unawe mikono, na vibanio vya kulishia visihame tangi. Adui mkubwa ni kriptosporidiamu, kimelea cha utumbo kinachomkondesha mjusi hadi mkia unabaki kijiti. Dawa ya kutegemea hakuna, na dawa ya kawaida ya kung'arishia nguo haikiui. Peleka kinyesi kwa daktari wa mifugo zaidi ya mara moja, kwa sababu kimelea hiki hakitoki kila siku.

4. Kila kitu viwili. Maficho ya upande wa joto mawili, ya upande wa baridi mawili, na penye unyevu wa kuwasaidia kujivua ngozi pia. Pakiwa na kona moja tu ya joto, mwenye nguvu ataikalia, na mwenzake hatasaga chakula vizuri. Tangi la lita 75, ambalo wengi humnunulia mmoja, wawili haliwafai.

5. Siku yenyewe, fukuza harufu ya umiliki. Toa vyote, osha, panga upya mawe na magogo, kisha waingize wote wawili kwa pamoja, wakiwa wameshiba. Fanya jioni, wanapoamka, na iwe siku ambayo huna safari.

6. Soma mkia. Ukiinuliwa na kupungwa polepole, hiyo ni hasira, na meno yanafuata. Ncha ikitetemeka haraka, huyo kaona nyenje. Ukiona ishara ile ya kwanza, watenganishe, usingoje waelewane.

7. Nunua mizani ya jikoni. Uonevu wa mijusi hawa ni wa kimya, damu huenda usiione kabisa. Mmoja anakula, mwingine anajificha na kufunga. Wapime kila wiki uandike. Mafuta ya akiba yako mkiani, na mjusi aliyebanwa anaweza kuuangusha. Utaota mwingine, ila mnene na butu kama kitunguu.

8. Tangi la karantini usiliuze. Mijusi hawa huishi miaka 15 hadi 20, na majike waliokaa kwa amani mwaka mzima wanaweza kuumana usiku mmoja tu.