Umekata Utumbo, Sasa Kilo Zinarudi? Njoo Tuongee

Wadogo zangu, wiki hii barua za wachumba na mawifi naziweka pembeni, maana mdogo wenu mmoja wa Tabata kaniandikia jambo ambalo najua wengi mnalificha moyoni. Alikuwa na kilo 118, akakata utumbo, na ndani ya mwaka na nusu akafika 76. Mtaa mzima ukamwona mpya. Sasa ni mwaka wa nne, mzani unasoma 85, naye anasema: “Dada, nimerudi nilikotoka. Pesa nyingi imepotea, na kliniki naona aibu hata kupita karibu.”

Mdogo wangu, tupige hesabu kwanza, kulia tutalia baadaye. Kutoka 118 mpaka 76 ni kilo 42. Zilizorudi ni tisa. Kilo 33 hazipo mpaka leo, nazo ni karibu asilimia 28 ya uzito uliokuwa nao. Huko Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Baada ya miaka miwili walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 23, baada ya miaka kumi asilimia 17, na baada ya miaka 20 asilimia 18. Ni kweli wengi wao walifanyiwa upasuaji wa zamani ambao siku hizi umeachwa, lakini mwendo wenyewe ndio huohuo: uzito unashuka sana, unapanda kidogo, halafu unatulia. Wewe hujarudi ulikotoka. Umegeuza shingo tu kutazama nyuma, na kazi yetu leo ni kukurudisha uangalie mbele kabla miguu haijafuata.

Kwanza tuelewane kilichofanyika tumboni. Wengi wenu mmekatwa tumbo lenyewe, yaani karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula imeondolewa na kubaki kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Wengine wametengenezewa kimfuko kidogo cha kama mililita 30 kikaunganishwa na utumbo, chakula kikawa kinapita njia ya mkato. Ghrelini, ile homoni ya njaa, hutengenezwa zaidi kwenye sehemu inayoondolewa, ndiyo maana mwaka wa kwanza mtu anasahau hata kula. Mnanicheka mkisema “dada, mimi sahani ya wali naiona kama adhabu.” Furahieni, lakini msizoee. Mwili haupendi kupungua. Miezi inavyokwenda unajifunza kutumia nguvu kidogo zaidi, njaa inarudi polepole, na kale kamfuko kanakubali chakula zaidi kuliko mwanzo. Mwaka wa kwanza upasuaji unakufanyia kazi, kuanzia wa pili unataka mshirikiane.

(Wenye puto la tumboni, kama wale wanaowekewa pale hospitali ya Mloganzila au hospitali binafsi, ninyi muda wenu ni mfupi zaidi. Puto hutolewa baada ya miezi kadhaa. Tabia usiyoijenga likiwa ndani, likishatoka utaitafuta kwa shida.)

Basi nikamwomba huyu wa Tabata aniandikie alichokula jana, tangu kuamka mpaka kulala, bila kunionea haya. Asubuhi chai ya maziwa na andazi, “nusu tu, dada.” Saa nne ofisini vipande viwili vya mihogo ya kukaanga, kwa sababu mwenzake alinunua. Mchana wali vijiko vinne na mchuzi, akashiba, nyama akaiacha. Saa tisa jua kali, soda. Kwenye daladala kashata. Jioni anapika, anaonja mchuzi, anaonja chapati ya kwanza kama imeiva. Mtoto kabakiza ubwabwa, kutupa ni dhambi. Usiku tamthilia, chai ya pili, biskuti.

Mmeona? Hakuna sahani hata moja iliyojaa. Ukimuuliza kama anakula sana ataapa kwamba hali, na haongopi. Anachofanya ni kudokoa. Upasuaji unazuia sahani kubwa, na hiyo kazi bado unaifanya vizuri, lakini mtu anayedokoa kutwa nzima haukutani naye kabisa. Ukiniuliza mimi, huu ndio mlango mkubwa wa kilo zinazorudi, kuliko hata pilau ya harusini ambayo kila mtu anaiogopa.

Tuichukue hiyo chai ya asubuhi, maana hapo ndipo sisi Waswahili tunapopatikana. Andazi kavu, ukilitafuna bila kinywaji, litakaa tumboni na utashiba mapema. Ukilichovya kwenye chai limekuwa uji. Linateleza, linapita, na baada ya saa moja una njaa tena. Ndivyo ilivyo kwa biskuti iliyolowa, uji wenye sukari, aiskrimu, juisi ya miwa na soda. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai, na tumbo dogo halina habari kwamba imepita. Kwa hiyo sheria ya kutokunywa wakati wa kula, ambayo daktari alikwambia ukaitikia tu, ina sababu yake. Kula, subiri nusu saa, ndipo unywe. Chai sijaikataza. Inywe peke yake, bila sukari au na sukari kiduchu, na kitafunwa kiwe yai.

Na sahani ya mchana mmeipanga kichwa chini miguu juu. Mkianza na wali mnashibia wali, nyama inabaki. Anza na samaki, kuku, maharage au dagaa, fuata mboga, na wali au ugali ukipata nafasi upate, usipopata shauri yake. Lengo linalotajwa sana baada ya upasuaji ni angalau gramu 60 za protini kwa siku. Mayai mawili yana kama 12. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Kikombe kikubwa cha mtindi usio na sukari, nane au tisa. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva, saba. Kipande cha kuku cha gramu 50 jioni, kama 14. Umefika, na hujanunua unga wa kopo wa bei mbaya unaouzwa kwenye simu. Asiyeweza kuku kila siku, dagaa wakavu wapo sokoni, na hao nawasifia bila kulipwa.

Sasa watu. Ukipungua kwetu huku unaulizwa kama unaumwa, tena kwa macho yale yanayotafuta ugonjwa mmoja tu. Mama mkwe anasema mwanawe hakulishi. Ukienda kwenye shughuli unajaziwa sahani na aliyekujazia anasimama hapo kuona unamaliza. Halafu kilo tano zikirudi, walewale wanasema “sasa ndiyo umependeza.” Msigombane nao. Pokea sahani, kula nyama, sifia mapishi, omba ufungiwe iliyobaki upeleke nyumbani. “Nimeshiba, mama, Mungu akubariki” inatosha, haidai maelezo ya kitabibu.

Wenye kufunga Ramadhani, madaktari wengi hushauri usifunge angalau mwaka wa kwanza, kwa sababu tumbo dogo haliwezi kupokea maji ya kutwa nzima kati ya magharibi na alfajiri. Baada ya hapo muulize daktari wako, hasa ukiwa unatumia dawa za sukari. Siku ukiruhusiwa, usifungulie kaimati na tambi. Aliyefanyiwa upasuaji wa kuunganisha akipiga sukari nyingi kwa mara moja anaweza kutoka jasho, moyo ukaenda mbio, tumbo likavuruga. Kuna na wanaotetemeka na kuishiwa nguvu saa moja au mbili baada ya kula vitamu, sukari ya damu ikiwa imeshuka ghafla. Hao hukimbilia soda wapate nafuu, kesho yake tena, na hapo uzito unapata njia. Hilo ni la kumwambia daktari, lina mpango wake wa chakula.

Vidonge vya vitamini najua mmeviacha, msinidanganye. Mlivimeza mwaka wa kwanza kwa sababu nywele zilikuwa zinakatika, zilipoota mkaona kazi imeisha. Hivyo ni vya maisha yote, hasa B12, chuma, kalsiamu na vitamini D. Chuma usikimeze pamoja na chai wala pamoja na kalsiamu, kitapotea bure. Vipishanishe kwa saa mbili. Uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu, na aliyechoka hatembei, hapiki, ananunua chipsi barabarani. Ganzi ya miguu au kutapika siku kadhaa mfululizo usingoje wiki ijayo, nenda hospitali.

Na mkiumwa mgongo, acheni kukimbilia diklofenaki au ibuprofeni duka la dawa. Kwa tumbo lililounganishwa zinaweza kuleta vidonda. Mwambie muuza dawa umefanyiwa upasuaji wa tumbo. Sigara vilevile. Pombe nayo sasa inapanda kichwani haraka na kukaa muda mrefu kuliko zamani, na wapo walioacha kula wakahamia kwenye glasi, jambo ambalo halisemwi sana kwenye vikao vyetu.

Wanaotaka mtoto: mwili ukipungua, hedhi inajipanga na mimba inaingia kirahisi kuliko ulivyozoea. Wataalamu hushauri kusubiri miezi 12 hadi 18. Kwa waliounganishwa utumbo, vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki sana, ongea na nesi kuhusu kijiti au kitanzi. Na ukibeba mimba ukaongezeka, huko ni kubeba mtoto, usijinyime chakula kwa hofu ya mzani.

Mazoezi nitayasema kwa kifupi kwa sababu mnayajua na hamyafanyi. Dakika 150 mpaka 300 kwa wiki, hata za kutembea kwa kasi. Ongeza na kunyanyua vitu, iwe jimu au ndoo ya maji nyumbani, kwa sababu ulipopungua ulipoteza na misuli, na misuli ndiyo inayotumia chakula ukiwa umekaa. Vikundi vya joging vya Jumapili asubuhi ni vizuri, wasiwasi wangu ni supu na chapati zinazofuata.

Mzani panda mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi. Kila siku utajitia wazimu, na kila baada ya miezi sita utakuta mambo yameharibika. Chagua namba yako ya kushtuka, kilo tatu au nne juu ya pale ulipotulia, na ukiifikia chukua hatua wiki hiyohiyo: andika unachokula kwa siku saba, kila kitu, na zile chapati za kuonja.

Ikiwa umeandika, umerekebisha, na kilo bado zinapanda, usijichape. Wakati mwingine sababu ni dawa unayotumia, tezi, msongo, usingizi mbovu, au tumbo lenyewe limepanuka au kuna tatizo kwenye maungio, na hilo huonekana kwa kamera au picha. Siku hizi zipo pia sindano, kama semaglutaidi, ambazo madaktari huwapa hata waliofanyiwa upasuaji. Nimesema madaktari. Anayeuza kwa ujumbe wa simu, bila kujua historia yako, na boksi limepigwa jua njiani, huyo mpite. Upasuaji wa pili upo, lakini una hatari zaidi ya wa kwanza na haupaswi kuwa wazo la kwanza.

Kwa hiyo, wa Tabata, kliniki unakwenda. Hawatashangaa, kilo zinazorudi wanaziona mara nyingi. Beba orodha ya dawa zako na yale maandishi ya siku saba. Omba upimwe damu, chuma, B12, vitamini D, na sukari hata kama uliambiwa kisukari kimeondoka, kwa sababu kinaweza kurudi kimyakimya pamoja na uzito. Omba pia kuonana na mtaalamu wa lishe, na mwambie ukweli wa usiku wa tamthilia. Ukikuta nesi mwenye kauli chafu, muda wa kumjibu usiwe nao, uliza daktari yupo chumba gani.

Wengine mlioniuliza kuhusu ngozi iliyolegea tumboni na mikononi, barua zenu nimezisoma zote. Krimu haiiondoi, mwenye kukuuzia anajua hivyo. Tutaiongelea wiki ijayo.