SOMO LA KIKUNDI: Nani Anaweza Kubadilisha Sheria ya Ndoa?



Somo la safari hii limetoka kwenu wenyewe. Katika mikutano ya vikundi tumeulizwa mara nyingi: "Je, ni kweli kaunti inaweza kuruhusu ndoa za jinsia moja?" Wengine wanaogopa kwamba MCA akishikwa mkono na wafadhili atapitisha tu. Wengine wameanza kuwanong'ona vijana wawili wanaoishi chumba kimoja kwa sababu kodi imepanda. Uvumi wa namna hii huvunja kikundi, na unaweza hata kumwaga damu. Basi tusome pamoja, polepole.

1. Sheria inasema nini?

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 45, inasema kila mtu mzima ana haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inafuata hapo hapo: ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zinatakiwa kuandikishwa.

Sheria ya adhabu ni jambo lingine, tusizichanganye. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, vilivyotoka enzi za ukoloni wa Mwingereza, vinahusu matendo ya kimwili. Adhabu yake hufika miaka 14 na miaka 5. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataa ombi la kuvifuta.

2. Kaunti ina uwezo gani?

Jedwali la Nne la Katiba limeorodhesha kazi za kaunti: zahanati, masoko, barabara za mtaa, maji taka, takataka, shule za chekechea, leseni za pombe na kadhalika. Ndoa haimo. Na Katiba inasema kazi yoyote ambayo kaunti haikupewa inabaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo MCA au gavana anaweza kutoa maoni yake, ya kuunga mkono au ya kupinga. Hayo ni maoni tu. Hawezi kuagiza cheti cha ndoa kitolewe.

Tujifunze kwa wenzetu. Mwezi wa Februari 2004, meya wa San Francisco huko Marekani, Gavin Newsom, aliamuru ofisi yake itoe vyeti vya ndoa kwa watu wa jinsia moja. Vikatolewa karibu 4,000. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo la California ilisema meya hakuwa na uwezo huo, na ndoa zile zikafutwa. Ndoa hizo ziliruhusiwa Marekani nzima mwaka 2015, kwa uamuzi wa mahakama ya juu ya nchi. Hapa Afrika, Afrika Kusini iliziruhusu mwaka 2006 kwa sheria ya bunge la taifa, baada ya Mahakama ya Katiba kuamua. Mtaona kwamba halikuwa neno la baraza la mji.

3. Je, kaunti haina mlango kabisa?

Upo mmoja, na ni mwembamba. Kifungu cha 45 kimo katika Sura ya Haki, na sura hiyo haibadilishwi bila kura ya maamuzi ya wananchi. Wananchi wakitaka kuanzisha mabadiliko wenyewe, wakusanye sahihi milioni moja. Kisha mswada unapelekwa katika mabunge yote 47 ya kaunti, na zaidi ya nusu yakubali, ndipo uende Bunge. Mnakumbuka BBI? Mwaka 2021 mabunge zaidi ya 40 ya kaunti yaliupitisha mswada ule, lakini mahakama ziliusimamisha, na Mahakama ya Juu ikamaliza kesi mwaka 2022. BBI haikuhusu ndoa za jinsia moja, bali inatuonyesha jinsi njia ilivyo ndefu. Hakuna sheria ya ndoa inayoweza kupitishwa usiku wewe ukiwa umelala.

4. Hukumu ya 2023

Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ilisema serikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji. Mitaani watu wakasema, "Korti imeruhusu ndoa!" Sivyo. Korti ilizungumzia haki ya kuunda chama. Sheria ya ndoa haikuguswa.

5. Na Kanisa?

Kanisa Katoliki linafundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke. Katekisimu hiyo hiyo, namba 2358, inasema watu wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima na huruma, na wasibaguliwe bila haki. Mwezi wa Januari 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alisema waziwazi kwamba kuwa hivyo si kosa la jinai. Katika kikundi kuna pia Waislamu, Wasabato na wengineo, na maoni hayatakuwa sawa. Anayetaka sheria ibadilike na anayetaka ibaki, wote wana haki ya kusema kwa amani.

6. Tufanye nini?

Kwanza, ukisikia uvumi, uliza: ni sheria gani, imepitishwa na nani, lini?

Pili, asiwepo wa kupiga jirani, kuvunja mlango wake au kumtupia vitu nje. Hilo ni kosa la jinai, hata kama umati mzima umelifanya.

Tatu, mwanachama asifukuzwe kwa sababu ya minong'ono. Fuateni katiba ya kikundi. Na mtu akiondoka, akiba yake ni jasho lake. Apewe haki yake kama mlivyoandika.

Nne, muda wa kumwogopa MCA kwa jambo asiloliweza, tuutumie kumuuliza analoliweza: taka za Dandora, maji taka yanayofurika, dawa za zahanati.

Maswali ya kujadili

(a) Ni mambo gani mtaani kwetu ni kazi ya kaunti, na yapi ni ya serikali ya kitaifa?
(b) Tumewahi kumtenda mtu vibaya kwa uvumi? Tulirekebishaje?
(c) Katiba ya kikundi chetu inasema nini kuhusu kumwondoa mwanachama na kumrudishia akiba?
(d) Wangapi kati yetu tuna ndoa ambazo hazijaandikishwa? Mume au mke akifa, cheti kitatoka wapi?

Katibu aandike majibu, tuyasome mkutano ujao.