Mgeni Mathenge na Wasaidizi Wake

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mathenge? Mti huu wa kutoka Amerika uliletwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili utupe kuni na uzuie jangwa. Sasa umeziba malisho, na mbuzi wa babu hawana nyasi.

Siri moja imo mizizini. Ng'oa mche mchanga polepole penye unyevu, utaona vinundu kama vya kunde. Humo huishi bakteria. Wao huchukua nitrojeni hewani wakaupa mti mbolea, nao mti huwalipa sukari. Nyasi hazina vinundu. Basi kwenye udongo duni mgeni hushiba, mwenyeji hukonda.

Ati mgunga wetu pia unavyo? Naam! Lakini mathenge hauchagui marafiki, hupatana na bakteria wa aina nyingi.

Babu hukata tu, nao huchipuka tena. Nimemshauri ang'oe kisiki chote, kisha apande nyasi za kiasili papo hapo, ili mbolea iliyobaki ardhini iliwe na nyasi, si na mathenge mwingine. Hapo ndipo mwenyeji atakapopona.